To Build a Fire ya Jack London: hapa staa ni baridi yenyewe

Niaje wadau, karibuni tena, leo sichambui simu wala spika, leo ni hadithi, na msikimbie kwanza. To Build a Fire ya Jack London, mwandishi Mmarekani, ile ya 1908. Stori yenyewe wengi mnaijua, jamaa anakatiza Yukon huko Kanada yeye na mbwa tu, baridi inamuweza. Sasa kuna mtu kaniandikia kwenye komenti eti "haina matukio, mtu anatembea tu kwenye theluji." Imenikera, ndo maana nimekuja na hili beseni.

Humu ni maji na mabonge ya barafu. Natumbukiza mkono, tunaendelea kupiga stori. Kule Yukon ni nyuzi 75 chini ya sifuri kwa Farenhaiti, kwa Selsiasi ni kama 59 chini ya sifuri, wakati friza ya nyumbani inacheza kwenye 18 hivi chini ya sifuri. Jamaa anatema mate, yanapasuka hewani kabla hayajafika chini! Na yeye anashtuka kidogo tu, anaona ni baridi tu, kuna mzee alimwambia usisafiri peke yako kwenye hali hii, anamcheka. Jamaa huyohuyo mlete Tanga mwezi wa saba, utamwona mchapakazi safi, makini, labda hata ungempa kazi. Ubishi wake umeanikwa na baridi.

Haya nautoa. Kiberiti hiki hapa. Kamera sogea... mnaona? Kidole gumba na cha shahada vinagusana ila mimi sisikii kitu, naishika njiti kwa macho. Imedondoka. Naiokota... imedondoka tena, aisee, na hapa niko sebuleni na feni inazunguka.

Sasa jamaa wa kwenye hadithi miguu imelowa mpaka nusu ya njia kufika magotini, barafu ilimvunjikia juu ya maji, ikabidi awashe moto akauke. Akauwasha vizuri kabisa, tatizo akauwasha chini ya mti, maana pale vijiti viko karibu, unachomoa unatupia. Matawi yamebeba theluji, kila akichomoa kijiti mti unatikisika kidogo, kidogo, mpaka tawi la juu likamwaga mzigo wake kwa la chini yake, hilo nalo likamwaga, yote puu! kwenye moto. Hakuna jambazi, hakuna simba, ni mti na uvivu wa hatua chache. Halafu vidole vimekufa, anabana njiti zote 70 kwa viganja, anaziwasha kwa mpigo, mpaka anasikia harufu ya nyama yake mwenyewe inaungua. Wewe wa komenti, hilo sio tukio?

Mtaniambia kuna Robinson Crusoe, ile riwaya ya jamaa aliyekwama kisiwani. Sawa, naipenda, ila yule kisiwa chake kina joto, kina mbuzi, meli imekwama pembeni anajichotea vifaa, ana miaka ya kujenga na kutubu. Yukon inakupa dakika tu, kwa hiyo hata stori inabana.

London mwenyewe alienda Klondike, hukohuko Yukon, 1897 kwenye mbio za dhahabu, kwa hiyo hakuwa anabuni hali ya hewa kutoka sebuleni kama mimi. Ila hadithi hii aliwahi kuiandika kwanza 1902 kwa ajili ya vijana, humo jamaa ana jina, Tom Vincent, na anapona. Hiyo siipendi, baridi imegeuka mwalimu wa nidhamu, inakuchapa kisha inakusamehe. Ya 1908 haimsamehi mtu wala haimchukii, mbwa hajui kipimajoto ni kitu gani lakini anajua kabisa siku ile sio ya kutembea, binadamu mwenye namba zake kichwani ndo anakufa. Hapo kwa mbwa mimi mpaka leo nakosa raha.

Bei? Bure. Iko Project Gutenberg, maktaba ya bure mtandaoni, ndani ya mkusanyiko wa Lost Face, ni Kiingereza, unaimaliza kwa mkao mmoja. Kuna mtu anauza PDF yake kwenye grupu moja la WhatsApp, hiyo hela nunulia bando.