Rimu ya spoti imekwaruzwa: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Tazama magari yaliyoegeshwa pembeni mwa mtaa wowote wa Dar es Salaam. Rimu zilizoliwa zaidi ni za kushoto, kwa sababu tunaendesha kushoto na ndio upande unaosugua zege. Yangu niliikwaruza nikimkwepa bodaboda, ikabaki na kovu la upana wa vidole vitatu. Tangu hapo nimetengeneza rimu tano nyumbani, zangu na za ndugu, na hela nyingi zilipotea kwenye vitu ambavyo sitavinunua tena.

Kabla ya kwenda dukani, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukiteleza, msasa na rangi vinatosha. Ukikwama, utahitaji kujaza. Ukiona ufa, rimu iliyopinda, au tairi inayopoteza upepo bila pancha, usinunue chochote cha kuziba. Puti (ile ya kujazia mashimo) haishiki ufa, inauficha tu, na rimu yenye ufa inaweza kukuvunjikia ukiwa mwendoni.

Njia ya kwanza ya kutengeneza: nunua vitu kimoja kimoja. Nenda duka la rangi za magari, chukua msasa wa maji namba 240, 400 na 800, praima ya kushika alumini, rangi ya fedha ya kopo la kupuliza, klia (rangi angavu ya kukinga juu), thina na tepu ya karatasi. Msasa usiuonee uchungu, nunua karatasi tatu za kila namba. Kazi nzuri inatoka hapo, maana rangi haifuniki mstari wa msasa, inauonyesha.

Kwa kujaza, mimi nachagua epoksi ya mirija miwili yenye chembe za chuma kuliko puti ya bodi. Puti inakauka haraka, lakini ukingo wa rimu unagongwa na mawe kila siku. J-B Weld ya kawaida hushika kwa saa 4 hadi 6, ila iache saa 24 ndipo uisugue.

Klia ndiyo ya kuitolea hela. Ile ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha) inavumilia vumbi la breki na petroli kuliko ya kopo la kawaida, lakini moshi wake unaumiza mapafu, na barakoa ya kitambaa haikukingi. Kama huna barakoa yenye vichujio vya mvuke wa rangi, chukua klia ya kawaida, upulizie nje penye hewa. Kwetu pwani, usipulizie asubuhi penye unyevu wala mvua ikinyemelea, klia itageuka nyeupe kama ukungu. Ngoja hewa ikauke, rimu iwe kivulini, piga mikono (tabaka) myembamba, mmoja kila baada ya dakika 10 hadi 15.

Na karata! Chomeka karata za zamani kati ya tairi na rimu kuzunguka duara lote. Zinakinga tairi vizuri kuliko tepu.

Ya pili: rimu moja ya mtumba. Kovu likiwa refu na la kina, hii inaweza kukutoka kwa bei nafuu kuliko siku mbili za kusugua. Hakikisha matundu yanalingana: IST ya mwanzo ni 4x100 (matundu manne kwenye duara la milimita 100), Harrier ni 5x114.3, hazibadilishani. Geuza rimu utazame ndani kama imewahi kuchomelewa, na kabla ya kulipa omba fundi tairi aizungushe kwenye mashine ya balansi.

Ya tatu: seti iliyofungwa tayari. Inafaa kwa mkwaruzo mmoja mdogo. Msasa wake unaisha kabla hujamaliza kovu moja, na rangi ya fedha huwa ya aina moja tu.

Ya nne: kalamu ya rangi. Ni ya vidoa. Ipake ukiwa unataka kuzuia chumvi ya hewa isile alumini iliyo wazi.

Ya mwisho: rangi ya mpira inayobanduka. Inabadilisha rangi, hairekebishi kovu. Sijaona sababu ya kuinunua kwa kazi hii.

Kama rimu zako zimekerezwa kwa mashine na uso wake unang'aa michirizi myembamba, hakuna kati ya hivi kitakachorudisha mng'aro ule. Mpelekee mwenye mashine ya kukereza, au kubali kuipaka yote rangi moja.

Popote utakapopulizia, ziba kwa tepu sehemu rimu inapokutana na habu (kitovu cha gurudumu), na vikalio vya nati. Rangi ikibaki hapo inasagika taratibu, nati zinalegea. Hata ukiziba vizuri, kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100.