Mbio za miamba ya Dorset, zikipimwa na mtu wa mkiani

Nianze na bei, maana ndiyo watu wanayoniuliza kwanza: pauni hamsini na kitu kwa mbio ndefu, na maegesho unalipa mbali. Nilipomtajia mama kule Tanga kwenye simu, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Sasa mwanangu, hizo hela umewapa ili wakutese?" Jibu sikuwa nalo, hasa kwa vile yaliyonikuta mara ya kwanza anayajua yote.

Mbio zinaanzia kwenye malisho ya ng'ombe juu ya kijiji cha Kimmeridge, jimboni Dorset, kusini mwa Uingereza. Zinafuata ukingo wa bahari kwenda magharibi, zinapita ghuba ya Worbarrow, kijiji cha Lulworth na tao la mawe la Durdle Door, zinageuzia rasi ya White Nothe na kurudi kwa juu, kwenye migongo ya vilima. Ni kilomita thelathini na ushee. Tuliokulia Tanga au Bagamoyo tukisikia mbio za pwani tunawaza mchanga, minazi na tambarare. Hapa sahau hayo. Mabonde yamekata vilima vya chaki hadi kwenye miamba ya bahari, kwa hiyo unapanda, unashuka, halafu unaanza upya, na huku chini bahari inakutazama tu. Njia hiyo ya ukingoni ni kipande cha South West Coast Path, njia ndefu ya miguu ya pwani, yenye urefu wa kilomita kama 1,014, na inakadiriwa kwamba ukiimaliza yote utakuwa umepanda mita 35,000. Yaani Kilimanjaro zaidi ya mara tano, kuanzia usawa wa bahari.

Mara ya kwanza niliondolewa njiani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, nami hilo nililikubali, mvua ya Mungu haina mwenyewe. Kilichoniuma ni mengine. Juu ya Lulworth, njia inapogawanyika, hapakuwa na kibao wala utepe, tukateremka kundi zima hadi karibu na kijiji, ikabidi tupande tena. Tulipofika kituo cha maji kijana alikuwa anakunja meza. "Yamekwisha," akasema, wala hakuinua macho. Mbele kidogo tukaambiwa muda wa ukomo umepita, tukavuliwa namba, tukakalishwa kwenye ukuta wa mawe kusubiri gari. Gari lilichukua saa nzima na zaidi, upepo ukitupiga jasho likiwa halijakauka. Niliandika kulalamika, nikajibiwa kwa barua pepe ya kiungwana isiyosema kitu.

Sasa mimi nakimbia mkiani, na sioni haya. Anayeongoza kila mahali atakuta meza zimejaa, vibao vimesimama, wahudumu wanapiga makofi. Huyo hawezi kukwambia kama mbio zimeandaliwa vizuri au vibaya. Muulize aliyefika wakati wengine wameshaoga.

Kwa kipimo hicho, safari hii wamejirekebisha, tena sana. Pale njia inapogawanyika pamewekwa tepe pande zote mbili, na mama mmoja mtu mzima amekaa kwenye kiti cha kukunja, ana thermosi na blanketi miguuni, anaita kila anayepita kwa jina lililoandikwa kwenye namba. Langu alilitamka hovyo lakini alilitamka. Kwenye kituo cha Lulworth nilifika nikiwa karibu wa mwisho kabisa, nikakuta madumu ya maji hayajaguswa, soda iliyotolewa gesi, vipande vya machungwa, na sinia la viazi vilivyochemshwa na ganda lake, pembeni bakuli la chumvi. Unachovya kiazi kwenye chumvi, unakula ukiwa umesimama. Baada ya saa tatu za peremende na vile vijaluba vya sukari nzito, kiazi hicho nakuapia hakina mshindani. Mhudumu aliniongezea kimoja mfukoni, akasema cha njiani. Chai ya maziwa ipo ila ni ya Kiingereza, haina tangawizi wala iliki. Mwenye shida na hilo abebe yake.

Kuna jambo ambalo tovuti yao inalipitia juujuu na wanawake hasa tunapaswa kulijua. Kati ya Kimmeridge na Lulworth njia inakatiza uwanja wa jeshi wa kulengea shabaha, ambao raia hufunguliwa wikendi nyingi na siku za sikukuu. Humo unatembea ndani ya nguzo za manjano tu, kwa sababu nje yake kunaweza kuwa na makombora ambayo hayajalipuka. Maana yake ni kwamba huwezi kujitenga kidogo kichakani ukajisaidia. Chukua foleni ya choo pale mwanzo hata kama hujabanwa. Foleni ni ndefu, vyoo ni vichache, na hapo sijaona wamerekebisha chochote.

Ndani ya uwanja huo kuna Tyneham, kijiji ambacho watu wake walihamishwa mwezi Desemba 1943 ili jeshi lifanye mazoezi ya vita, na hawakurudishwa hadi leo. Njia ya mbio haiingii kijijini, ila kutoka juu unaiona miti iliyoficha magofu yake. Nilipunguza mwendo. Wa mkiani tuna nafasi ya mambo hayo.

Halafu Flower's Barrow. Kutoka ufukwe wa Worbarrow unapanda moja kwa moja hadi karibu mita 170, kwenye ngome ya Enzi ya Chuma ambayo sehemu yake imeshamegukia baharini. Hakuna anayekimbia hapo, hata wale wenye kaptura fupi wanatembea, mikono kwenye mapaja. Ukidhani umemaliza unashushwa Arish Mell kisha unapandishwa Bindon Hill. Ni baada ya Durdle Door, hata hivyo, ndipo miguu inapokudai. Kule ni chaki iliyochanganyika na mawe ya gumegume, na chaki ikilowa inateleza kama sabuni. Kwa hiyo raba za barabarani acha nyumbani, vaa zenye meno marefu. Zangu nilinunua za bei ya chini dukani Poole na zimenitosha, ingawa udongo wa mfinyanzi wa Kimmeridge unazing'ang'ania hadi unainua mguu na shamba lake. Upepo wa kule kwa kawaida unatoka kusini-magharibi, kwa hiyo kwenda unakupiga usoni na kurudi unakusukuma. Usitumie nguvu zote nusu ya kwanza kupigana nao.

Hapo Durdle Door, kwenye lile tao la mawe, watalii walinishangilia, "Kenya! Kenya!" Mimi Mtanga, na nyuma yangu walibaki watu watatu. Nikawapungia mkono kwa niaba ya Eldoret.

Nilimaliza, ndani ya muda. Wahudumu wote walikuwa bado wapo, supu ipo, mtu wa kukuvua kile kifaa cha kupima muda mguuni yupo. Fulana ndiyo ilikuwa imebaki saizi ya mtoto na saizi ya jitu, jambo ambalo linaniudhi kwa sababu saizi yangu niliiandika wakati wa kujisajili. Ukaguzi wa vifaa nao ulikuwa mkali: koti la mvua, filimbi, blanketi la dharura, simu yenye chaji. Wengine walinung'unika. Mimi niliyewahi kukaa kwenye ule ukuta sikunung'unika hata kidogo.

Muda wa ukomo haujaongezwa, ila sasa umeandikwa wazi kwa kila kituo, na ukiondolewa kuna basi dogo linalozunguka. Nilimuuliza dereva wake anapita kila baada ya muda gani, akasema nusu saa. Kwa mtu anayeanza ningesema chukua ile fupi inayogeuzia Lulworth. Utapanda vya kutosha na kiazi utakipata. Wa London, treni ya Waterloo hadi Wareham ni zaidi kidogo ya saa mbili, lakini kutoka hapo tafuteni lifti au mchangie teksi, maana asubuhi ile basi la kukuwahisha halipo.

Na anayetaka kwenda kujaribu njia kabla ya siku yenyewe, aangalie kwanza ratiba ya jeshi. Akikuta bendera nyekundu zinapepea na geti limefungwa, ageuze akanywe chai Lulworth.