Laptopu ya gemu Kampala: ichomoe chaji kabla hujalipa

Kilio kinachonifikia zaidi kuhusu laptopu za gemu si bei wala joto. Ni hiki, na kimetoka kwa wasomaji wa Ntinda, Mbarara, Gulu hadi Busia: "Dada, dukani ilikuwa inakimbia vizuri. Nimefika nyumbani, umeme umeenda katikati ya mechi, palepale gemu ikaanza kukwamakwama. Haujapita muda mashine ikazima kabisa. Nimeuziwa mbovu?"

Hapana, si mbovu. Umeuziwa mashine ambayo hakuna aliyekuonyesha inavyofanya kazi bila waya, na aliyekuuzia alijua.

Kwa hiyo hapa sitakaa kwenye RAM ya GB 16, SSD, wala taa za kibodi. Hayo kila muuzaji anayasema hadi anaishiwa pumzi. Mimi nina swali moja tu: mashine inafanya nini chaji inapochomoka? Kwa nchi yetu hilo ndilo swali la kwanza. Bwawa la umeme la Karuma lilizinduliwa rasmi Septemba 2024, megawati 600. Aprili 2025 UEDCL, kampuni ya serikali, ikapokea usambazaji kutoka kwa kampuni iitwayo Umeme. Umeme wa kuzalisha tunao, lakini nguzo, nyaya na transfoma za mtaani ni zilezile, na radi ikipiga jioni giza linaingia huku Yaka yako, ile mita ya kulipia kabla, ina yuniti tele.

Tuanze na kinachotokea ndani. Kadi ya michoro ndiyo inayochora picha za gemu. Ile ya RTX 4060 ya laptopu, Nvidia inamruhusu mtengenezaji aipe umeme wowote kati ya wati 35 na 115, na teknolojia ya Dynamic Boost inaweza kuongeza wati 25 juu yake. Jina ni lilelile kwenye boksi, stika ni ileile ya kijani, lakini ya wati 45 na ya wati 140 ni kadi mbili tofauti kabisa ukianza kucheza. Nimeshaona watu wakiongeza pesa kutoka RTX 4050 kwenda RTX 4060 halafu wakapata mashine ya taratibu zaidi, kwa sababu ile 4060 ilikuwa imebanwa kwenye ganda jembamba na ile 4050 waliyoiacha ilikuwa imepewa umeme wa kutosha.

Hiyo ni ikiwa imechomekwa. Ukichomoa, hali inabadilika zaidi. Adapta ya wati 200 au 230 inaweza kulisha kadi na prosesa kwa pamoja bila tabu. Betri haiwezi kutoa umeme mwingi hivyo kwa mkupuo. Mashine hujilinda kwa kuibana kadi papo hapo. Juu ya hapo kuna Battery Boost ya Nvidia, ambayo mara nyingi hufunga gemu kwenye fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde ili betri isiishe upesi. Mtu aliyekuwa anacheza mpira kwa fremu zaidi ya 60 ghafla anaona wachezaji wanatembea kwa kuruka, naye anadhani kompyuta imekufa.

ASUS TUF A15 niliyoipima majuzi ilinionyesha jambo hili waziwazi. Niliweka kihesabu cha fremu kwenye kona ya skrini, nikaingia kwenye mechi, nikavuta waya. Feni zilishuka sauti kwanza. Kisha namba ikaporomoka, ikaganda kwenye 30. Nikazima Battery Boost, namba ikapanda tena, ingawa haikurudi ilikokuwa. Mechi iliendelea kuchezeka, na hapo ndipo mashine zinapotofautiana: nyingine ukizima kizuizi hicho hubaki zinakwama tu.

Sasa hesabu ya muda. Ukubwa wa betri hupimwa kwa wati-saa, huandikwa Wh, na namba hiyo iko kwenye betri yenyewe na kwenye tovuti ya mtengenezaji. Gemu ikivuta wati 60 kutoka kwenye betri, ya 52.5 Wh haifiki saa nzima. Ya 90 Wh inakupa saa moja na nusu. Laptopu yenye zaidi ya 100 hutaiona, kwa kuwa hapo ndipo mashirika ya ndege yanapoweka mpaka wa betri ya kubeba bila kuomba ruhusa. Kwa hiyo 90 iko karibu na kilele. Muuzaji akikujibu "betri yake inakaa saa nane", mwambie atoe Wh. Saa nane za nini? Za kuandika barua huku mwanga wa skrini umeshushwa?

Kwa ajili hiyo chaguo langu la kwanza ni ASUS TUF A15, na sioni haya kusema ninaipendelea. Matoleo ya 2022 na 2023 yenye betri ya 90 Wh ndiyo ninayowaelekeza ndugu na marafiki. Toleo la 2023 lenye RTX 4050 au 4060 limepewa hadi wati 140 za kadi, ambazo ni nyingi kuliko karibu kila kitu kingine kwenye bei yake. Ina swichi ya MUX, inayoiacha kadi ya Nvidia ipeleke picha moja kwa moja kwenye skrini. Inakubali chaji ya USB-C hadi wati 100, kwa hiyo ukienda kazini au chuoni unaacha lile tofali la adapta nyumbani. Kwa kazi za kawaida, ikivuta wati 10 hadi 12, hesabu inakupeleka saa saba na zaidi. Kasoro yake ni kioo: rangi zimepauka kwenye matoleo ya bei ya chini, na anayehariri picha kwa ajili ya harusi hataridhika nacho. Lingine la kuangalia ni kwamba jina la TUF limewekwa pia kwenye mashine zenye betri za 48 na 56 Wh. Usikubali neno TUF peke yake.

Kuna na mpangilio mmoja unaowaliza wengi wenye TUF. Kwenye programu ya Armoury Crate, ukiiacha kadi kwenye Ultimate, ile ya Nvidia haizimi hata ukiwa unasoma tu, na betri inateketea bure. Irudishe kwenye Standard au Optimized. Nina msomaji wa Nakawa aliyekuwa tayari kuirudisha mashine dukani, akabadilisha hapo tu, akatulia.

Ya pili ni Lenovo Legion 5. Matoleo yake mengi yana betri ya 80 Wh, kadi inapewa umeme wa kutosha, na kibodi yake ni nzuri kuliko ya TUF. Ninaishusha kwa sababu ya bei ya Kampala na uzito wa begi ukijumlisha adapta. Ukiipata kwa bei iliyo karibu na TUF, ichukue wala usinisubiri.

Ya tatu, Lenovo LOQ. Ikiwa imechomekwa ni mashine ya maana sana. LOQ 15 ya kawaida yenye RTX 4050 inaipa kadi zaidi ya wati 90. Lakini betri ni 60 Wh, na hapo ndipo inapoachwa nyuma. Anayeishi kwenye nyumba yenye sola au jenereta, LOQ inamtosha kabisa. Mwenye kutegemea gridi tupu, fikiria tena.

HP Victus 15 iko kila duka la Kampala Road na watu huninunia nisipoisifu. Tatizo langu nayo ni kwamba mara nyingi inakuja na betri ya 52.5 Wh, ingawa ipo pia ya 70, na karatasi ya bei haisemi ni ipi. Ya 70 ni sawa, nunua. Ya 52.5, mwachie mwenye umeme usiokatika. Acer Nitro V 15 iko jirani hapo: 57 Wh, na RTX 4050 yake imewekewa kikomo cha wati 75.

MSI Thin 15 huvutia kwa bei na wepesi. RTX yake imefungwa kwenye wati 45 na betri ni ya 52 hivi. Pita. Na laptopu za ofisi zilizotumika Uingereza zinazouzwa kama "za gemu" kwa sababu zina Core i7, hazina kadi ya michoro ya kueleweka. Pita pia.

Sasa nije kwa wauzaji, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo.

La kwanza ni adapta. Chaji za Lenovo zina kichwa kilekile cha mstatili, iwe ni ya wati 65 au 230. Muuzaji anaiuza ile kubwa peke yake kwa bei nono, kisha anakuwekea ndogo kwenye begi. Unafika nyumbani, unachomeka, taa inawaka, roho inatulia. Unaanza kucheza na baada ya muda asilimia za betri zinashuka huku waya uko ukutani. Geuza adapta usome maandishi madogo yaliyo chini. 20V kwa 11.5A ni wati 230. 20V kwa 8.5A ni 170. Ukiona 20V kwa 3.25A, hiyo ni 65, haiwezi kulisha gemu. Zidisha volti kwa ampea, linganisha na iliyotajwa na mtengenezaji. Simu yako ina kikokotoo, na muuzaji akikuona unazidisha mbele yake, sauti yake hubadilika.

La pili ni bei za kufichwa. Unauliza hadharani unaambiwa njoo inbox. Ukifika inbox unatajiwa dola. Unauliza shilingi, unaambiwa itategemea siku utakayokuja. Mtu anayelipwa kwa shilingi, anayepanga kodi na ada za watoto kwa shilingi, atapangaje? Mashine mpya yenye RTX 4050 ni vigumu kuipata mjini chini ya milioni 3. Pesa hiyo watu wanaikusanya kwa miezi, wengine kupitia chama. Wanastahili kuambiwa bei mbele ya watu.

La tatu, waranti. Mzigo mwingi unapitia Dubai. Muuzaji anasema "ina waranti ya mwaka" bila kusema ni ya nani. Uliza kama ni ya mtengenezaji au ya duka, na namba ya mashine iingize mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ukiwa bado mbele ya kaunta. Tovuti itakuambia waranti ilianza lini na inaishia lini. Ninazo simulizi za wasomaji waliokuta mwaka wao uliisha mashine ikiwa bado kwenye shelfu.

Ukiwa dukani, usikubali kuonyeshwa video ya kung'aa ya milima na ndege. Fungua paneli ya Nvidia, ingia kwenye taarifa za mfumo, tafuta mstari wa Maximum Graphics Power. Hapo wati za kadi zimeandikwa bila kupendelea mtu. Kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport. Windows itakutengenezea ukurasa wenye mistari miwili ya kuangalia: DESIGN CAPACITY, yaani betri ilivyotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, yaani inavyoshika leo. Kwenye mashine mpya namba hizo zinakaribiana sana. Zikiachana mbali, hiyo si mpya, hata boksi liwe na nailoni yake.

Halafu chomoa. Nenda na gemu yako kwenye SSD ya nje, icheze ikiwa na waya, vuta waya, endelea kucheza. Angalia fremu na asilimia ya betri. Muuzaji atakwambia hilo linaharibu betri. Haliharibu, betri iliwekwa kwa kazi hiyo.

Wengi husahau ruta. Laptopu ikiwa na 90 Wh na umeme ukaenda, ruta ya nyumbani inazima sekunde ileile, na mechi ya mtandaoni inakatika hata kama mashine yako iko imara. Kuhamia hotspoti ya MTN au Airtel hakukurudishi kwenye mechi hiyo. Nunua UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, ile ya volti 12 inayokaa nyuma yake. Hakikisha tu kichwa cha waya na volti vinalingana na ruta yako.

Na kabla hujatuma pesa kwa Mobile Money, muuzaji aandike kwenye risiti vitu vitatu kwa mkono wake: wati za kadi, Wh za betri, wati za adapta. Namba ya mashine iwe juu yake. Akikataa kuandika, vuka barabara. Duka la ng'ambo lina TUF ileile.