Gari la mizigo la dizeli Arusha na Moshi: lipi ununue, na ulitie mafuta gani

Msimu wa vitunguu ukikaribia, simu ninazopigiwa zinafanana: "Kaka, ninunue gari gani lisilokula mafuta?" Nami huuliza kwanza: unabeba kilo ngapi, unapita njia gani, na ukirudi unarudi na nini? Nimebeba ndizi za Rombo na vitunguu vya Mang'ola kwa miaka 14, kwa hiyo nayapanga magari hapa nikianza na lile ambalo mimi ningelinunua kesho.

1. Canter yenye injini ya 4D33

Ni lita 4.2, silinda 4, pampu ya kawaida isiyotegemea kompyuta. Nikiwa na tani 3 kutoka Moshi kwenda Arusha napata kama kilomita 6 kwa lita. Watu wakisikia 6 wanashtuka, kwa sababu jirani yao ana kirikuu, kile kipikapu kidogo cha petroli, inayokwenda 12. Basi tuhesabu mzigo. Tani 3 mara kilomita 6 ni 18, yaani lita moja imesogeza tani moja kwa kilomita 18. Kirikuu imeundwa kubeba kilo 350. Hata ikienda hizo 12, lita moja inasogeza tani moja kilomita 4 na kidogo tu. Ndiyo maana mama wa soko la Mbuyuni, Moshi, anayetaka gunia 30 za mahindi kwa siku moja namwambia Canter bila kusita. Anayepeleka matenga 6 ya nyanya soko la Kilombero, Arusha, namkataza, maana Canter inayotembea nusu tupu itammaliza.

Upungufu wake ni kwamba 4D33 haina tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 13 hivi kuliko ya Tanga. Injini isiyo na tabo inavuta hewa hiyo hiyo pungufu. Ukipita uwanja wa ndege wa KIA ukaanza kupanda kuelekea Usa River, dereva anayeng'ang'ania gia kubwa huku amekanyaga hadi mwisho anatoa moshi mweusi, na moshi ule ni dizeli uliyoilipia ikapita bila kuungua. Ashushe gia mapema.

Isuzu Elf ya ukubwa huo huo haiko mbali. Mimi naiweka nyuma kwa sababu ya spea tu: za Canter nazipata haraka zaidi hapa mjini, mpya na za kubomoa.

2. Hilux ya D-4D, lita 2.5

Kwa mzigo usiozidi tani moja na safari ndefu za lami, hii ndiyo inayokula kidogo kuliko zote za dizeli ninazozijua. Napata 10, wakati mwingine 11. Ina tabo, kwa hiyo mwinuko wetu hauisumbui sana, na nozeli zake za umeme zinapima dizeli kwa matone.

Hapo kwenye nozeli ndipo nilipolia. Mwaka mmoja nikitoka Mang'ola mshale wa mafuta uliniangusha, nikanunua vidumu viwili vya dizeli kando ya barabara. Kabla sijamaliza kupanda kwenda Karatu gari likaanza kukohoa, likazima. Fundi alilegeza bomba la chini ya chujio, akakinga mafuta kwenye chupa ya maji ya kunywa, akaisimamisha juu ya tairi. Tulingoja dakika chache. Chini kukakaa maji meupe, unene wa vidole viwili, na dizeli ya juu ilikuwa nyepesi ikinuka mafuta ya taa. Nozeli zote nne zilikufa, na faida yangu ya miezi mitatu ikaenda nazo.

Sababu ni hii: pampu na nozeli za gari hili hazina oili yake, zinalainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni makavu, hivyo chuma kinasaga chuma. Ile pampu ya kawaida ingechakaa polepole, ya D-4D haisamehe. Kama njia zako ni za vijiji ambako dizeli ni ya vidumu, usinunue hii hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa.

3. Hilux ya zamani, injini ya 3L au 5L

Haina tabo na ni nzito kupanda, lakini inavumilia. Tegemea 9 kwa lita ikiwa nzima. Inamfaa mkulima wa ndani ndani.

4. Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ

Silinda 6, lita 4.2, na kilomita 7 kwa lita ukiwa mpole. Napenda ile injini kwa moyo wote, lakini kwa uchumi wa mafuta pekee siwezi kuipandisha juu. Inunue kama barabara yako inakulazimisha.

5. Kirikuu

Ni ya petroli, naiweka kwa ajili ya mizigo midogo ya mjini. Hapo inashinda zote nne, kwa sababu dizeli kubwa haifai kuwashwa na kuzimwa kutwa kwa mzigo wa kilo 200.

Kabla hujatoa hela

Nenda saa 12 asubuhi, hasa Juni au Julai baridi ya Arusha inapouma, na umwambie muuzaji asiliwashe kabla yako. Gusa boneti. Likiwa la moto, ameshakuficha kitu. Moshi mweupe wa dakika moja si neno, lakini usipokoma, nozeli au mgandamizo una shida. Wa bluu ni oili inaungua. Kisha fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma: mvuke ukipuliza kwa nguvu, ringi zimechoka, na hakuna dizeli itakayokuokoa.

Mafuta yenyewe

Tangu 2015 dizeli halali nchini ni ya salfa kidogo, sehemu 50 kwa milioni (50 ppm), na hutiwa kemikali ya vinasaba ili kukamata waliochakachua. Kwa hiyo sheli nzuri na sheli nzuri nyingine hazitofautiani sana. Tafuta yenye foleni ya malori, maana mafuta yake hayakai tenkini muda mrefu, na dai risiti kila mara. Bei kikomo hutoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, ikiwa tofauti kwa kila mji, basi linganisha Moshi na Arusha kabla ya kujaza. Habari ya kujaza alfajiri ili upate mafuta mengi haina uzito, tenki liko chini ya ardhi na joto lake halibadiliki sana kwa siku moja.

Ukishanunua, wiki ya kwanza badilisha chujio la dizeli na la hewa, mwaga maji ya chini ya tenki, na upime upepo wa matairi yakiwa ya baridi. Kisha jaza tenki hadi bomba likate, andika kilomita, fanya kazi yako ya kawaida siku tatu, rudi pampu ile ile ujaze tena. Gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Andika na uzito uliobeba pembeni.