TAHADHARI: muuza samaki wa mapambo hapa Tanga anayekupa tenki na samaki siku moja

Jamani wapenzi wa samaki wa mapambo hapa Tanga mjini, na nyie wa Muheza, Pangani na Korogwe mnaoagizia huku, naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjatuma hela kwa mtu. Kuna kijana anauza matenki na samaki, hana duka la kudumu, leo utamkuta Ngamiani, wiki ijayo unaambiwa kahamia Chumbageni, na namba ya simu kashabadilisha mara tatu tangu nianze kumfuatilia. Jina simtaji, nitaandika tu namna anavyofanya kazi maana jina na laini anabadilisha kila siku ila mchezo wake ni ule ule.

Mwanangu yuko darasa la tano, nilimuahidi akifanya vizuri mtihani wa mwisho wa muhula nitamnunulia tenki la samaki, akafanya vizuri kweli, nikatimiza. Kwa huyo kijana nikakuta tenki la vioo la lita 60, filta ya sponji, pampu ya hewa, hita, taa ya bluu na samaki 15, vyote kwa 210,000. Nikamuuliza kwani hawa wote wanakaa pamoja, maana niliona goldifishi wanne, wale mbuna (samaki wadogo wa mawe wa Ziwa Nyasa) wa njano watatu, wengine watatu wa rangi ya bluu akaniambia nao ni mbuna, gapi wanne na pleko mmoja wa kusafisha kioo. Akanijibu bila hata kufikiri, "Dada'angu wote hawa ni samaki wa maji baridi, hawana neno. Ukifika home jaza maji, washa pampu, tia samaki, umemaliza."

Hapo kwenye maji baridi wengi tunaingia kichwa kichwa. Maji baridi maana yake ni maji yasiyo na chumvi tu, ya mto na ziwa, haimaanishi samaki wote wa maji baridi wanaelewana. Goldifishi anapenda maji ya ubaridi kweli, kama digrii 18 mpaka 22, anakula sana, anachafua sana na akikua anapita sentimita 20. Mbuna wanatoka Ziwa Nyasa, wanataka maji ya joto la digrii 24 mpaka 28, maji magumu, yaani yenye madini mengi, pH (kipimo cha uchachu wa maji) iwe 8 hivi, na ni wakali, wanagombania mawe na mapango. Gapi ni kadogo kenye mkia kama khanga, ukikaweka na mbuna umekapeleka kuliwa. Na pleko wa kawaida anayeuzwa mdogo kama kidole anafika zaidi ya sentimita 30, sasa kwenye lita 60 atageukia wapi. Mtu anayeuza samaki kila siku hayo anayajua, na kama hayajui basi asiuze.

Asubuhi ya tatu gapi wawili hawana mikia. Siku ya tano goldifishi wote wako juu wanahema midomo nje, mashavu ya kuhemea yamekuwa mekundu, mwanangu anaamka usiku na tochi kuwaangalia kama bado wako hai. Nikampigia yule kijana, akaja siku ile ile na baiskeli, na nilichokuja kukikumbuka baadaye ni kwamba hakushangaa hata kidogo, chupa ya dawa alikuwa nayo tayari kwenye begi. Chupa ya maji ya bluu haina lebo, haina jina, elfu 15. Akasema mwaga maji yote weka mapya, sponji ioshe kwa maji ya bomba mpaka itakate, kila baada ya siku tatu ufanye hivyo. Nikafanya. Siku ya tisa goldifishi wamebaki wawili na wana vidoti vyeupe mwilini kama wamenyunyiziwa chumvi, nikanunua chupa nyingine elfu 15, na samaki wengine sita wa kujazia, 45,000. Nao wakafa. Wiki ya tatu akaniambia ana mzigo wa mbuna safi unakuja kutoka Kyela nitangulize 60,000 ili aniwekee, nikatuma, akanibloki jioni ile ile. Jumla ni 345,000, na mtoto analia kwamba yeye ndo kaua samaki kwa sababu aliwalisha sana. Hilo la mwisho ndo lililoniuma kuliko hela.

Nikaanza kuulizia. Jirani yangu kanunua kwa yeye yule, mwalimu mmoja wa Makorora naye yeye yule, mama mmoja mstaafu Raskazone naye, na kinyozi mmoja aliyeweka tenki saluni. Wote tenki na samaki siku moja, wote chupa ya bluu ndani ya wiki, wote samaki wa kujazia. Hapa ndo nilipoelewa, na ndo ninachotaka mshike: huyu hali kwa kuuza samaki walio hai, anakula kwa wale wanaokufa. Samaki wakiishi kwako miaka mitatu yeye hakuoni tena. Wakifa kila wiki wewe ni mteja wake wa kila wiki.

Nieleze inavyokuwa, maana na mie sikujua mpaka niliposoma na kuuliza wanaofuga muda mrefu. Samaki anatoa amonia, nyingi inatokea kwenye mashavu anapohema, nyingine kwenye kinyesi na chakula kinachooza chini. Amonia ni sumu inayounguza mashavu. Kwenye tenki lililokomaa kuna bakteria wazuri wanaishi kwenye sponji, mchanga na mawe, kundi la kwanza linageuza amonia kuwa naitraiti, nayo bado ni sumu inazuia damu ya samaki isibebe hewa, kundi la pili linaigeuza kuwa naitreti ambayo haina ukali ule, unaitoa kwa kubadilisha maji kidogo kidogo na mimea nayo inaila. Sasa hao bakteria hawaji kwenye boksi la pampu. Wanachukua kama wiki 4 mpaka 6 kuzaliana mpaka watoshe. Tenki jipya la lita 60, samaki 15 wameingia siku ya kwanza, bakteria hakuna, hapo hata ungekuwa na maji ya zamzam samaki watakufa tu. Na joto letu hili la Tanga linazidisha, maji ya moto yanabeba hewa kidogo na amonia inakuwa kali zaidi, haswa miezi ya Januari mpaka Machi, na umeme ukikatika pampu ikisimama ndo basi tena.

Sasa angalia ushauri aliotupa wote. Osha sponji kwa maji ya bomba, yale yana klorini, inaua wale bakteria wachache walioanza kuota. Mwaga maji yote, samaki aliyechoka anapata mshtuko juu ya mshtuko. Na dawa nyingi za bluu za samaki ni methilini bluu ambayo inaangamiza mpaka bakteria wa filta ukiimwaga kwenye tenki kuu, inatakiwa kutumika kwenye chombo cha pembeni. Kwa hiyo kila alipokuja "kutibu" alirudisha tenki siku ya kwanza. Mtu anaweza kukosea mara moja, lakini watu watano ushauri ule ule na begi lina chupa tayari, mie siamini ni kutojua.

Vile vidoti vyeupe ni mdudu anaingia kwenye ngozi ya samaki, akiwa ndani pale dawa haimfikii, akishiba anadondoka chini, anajigawa anatoa watoto mamia wanaogelea kutafuta samaki wengine, na ni hao watoto tu dawa inaweza kuwaua. Ndo maana ukitia dawa siku mbili ukaona vidoti vimeisha ukaacha, baada ya siku kadhaa vinarudi vingi kuliko mwanzo. Unaendelea na dawa kwa siku zote ulizoelekezwa kwenye lebo hata kama hauvioni tena, ndo maana lebo ni muhimu. Na mdudu huyo kwangu aliingia na samaki wake, tenki lilikuwa jipya halina kitu. Siku hizi samaki mgeni anakaa kwenye beseni lake mwenyewe na sponji yake wiki mbili mpaka tatu ndo anaingia kwa wenzake.

Wale wa bluu sasa. Kwake walikuwa bluu kweli, walipendeza. Mie nyumbani niliwasha taa nyeupe baada ya ile ya bluu kuungua, nikakuta samaki wa kijivujivu wana mistari ya kushuka chini. Nikamuonyesha picha mzee mmoja anayefuga samaki wa kula huko Muheza akacheka, akasema binti yangu hawa ni vifaranga vya perege. Elfu 12 mmoja, perege! Akanionyesha alama: perege mdogo ana doa jeusi la mviringo kwenye pezi la mgongoni upande wa nyuma, mbuna hana doa hilo. Mbuna dume mara nyingi ana vidoa vya njano kama mayai kwenye pezi la chini karibu na mkia. Kwa hiyo ukienda kununua, omba taa nyeupe iwashwe, au washa tochi ya simu yako, muuzaji akikataa ondoka. Wale perege watatu ndo pekee waliopona mpaka leo, wagumu hao, yule mzee kawachukua kwenye bwawa lake alikofuga wenzao. Na tafadhali nyie mkichoka na samaki wa kigeni msiwamwage Mto Sigi wala mtaro wowote, mrudishieni mtu anayefuga.

Hita nayo, alinihesabia elfu 35 ndani ya ile bei. Nilinunua kipimajoto cha kawaida, sebuleni kwangu maji yanacheza 27 mpaka 29 bila kitu. Kwa samaki wa joto hapa mjini hita haina kazi kubwa labda baadhi ya usiku wa Juni na Julai, na kwa goldifishi ni kumchemsha.

Ukitaka kununua kwa mtu yeyote, mwambie awalishe samaki mbele yako uone wanakula, angalia mapezi yamefunguka au yamebanwa, angalia kama yuko anayejisugua kwenye mawe, na kama kwenye tenki moja kuna mfu mmoja usinunue hata wazima wa humo. Muulize huyu akikua anafika wapi. Muuzaji mzuri atakuuliza yeye kwanza tenki lako lina lita ngapi na lina muda gani, wapo, tena hapa hapa Tanga kuna mmoja alikataa kuniuzia akaniambia mama rudi baada ya mwezi, na mpaka leo nanunua kwake. Hela ya kutanguliza usitume kabisa kwa mtu asiye na mahali unapoweza kurudi kesho. Na ukishapigwa kama mimi, ile namba ya tapeli itume kwenda 15040, ni namba ya kuripoti matapeli wa simu mitandao yote, halafu piga huduma kwa wateja wa mtandao wako haraka, na skrinishoti za meseji usizifute. Mie nilifuta kwa hasira, nikafika polisi sina cha kuonyesha zaidi ya muamala.

Tenki letu sasa lina miezi saba. Tulianza upya bila samaki, tunatia kijipunje cha chakula kioze humo kitoe amonia ya kulisha bakteria, wiki tano tunasubiri, mtoto anaandika kwenye daftari kila siku. Maji tunaacha kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke ndo tunatumia, tunabadilisha robo tu kwa wiki, sponji tunaikamulia kwenye maji yale yale tuliyoyatoa. Wamo gapi peke yao, walianza sita sasa siwahesabu.

Sponji yangu imeshakomaa na nimeweka tatu za ziada humo humo, bakteria wamejaa. Ukiwa hapa mjini na umeshauziwa tenki jipya na samaki wanahema juu, punguza chakula, badilisha robo ya maji kila siku kwa maji yaliyolala, na uniandikie inboksi uje uchukue kipande bure, njoo na mfuko wenye maji ya tenki lako maana sponji ikikauka njiani bakteria wanakufa.