Kozi ya mikono ya baleti kwa watu wazima, Nairobi: mgongo umefundishwa vizuri, vidole bado

Madarasa mengi ya baleti yanayofunguliwa kwa watu wazima hushughulika na miguu tu. Mwanafunzi hufundishwa kukunja magoti, kunyoosha vidole vya miguu na kufungua nyonga, huku mikono ikiachwa ijitafutie pa kukaa, mpaka siku anapotazama picha zake na kuyaona mabega yamepanda masikioni. Ndiyo maana studio moja ndogo ya Westlands ilipotangaza kozi ya jioni inayohusu mikono na viganja peke yake, nilijiandikisha mara moja. (Jina lake naliacha, kwa kuwa si yote nitakayoyasema ni sifa.)

Sifa kubwa ya kozi hii ni mwalimu wake, ambaye haanzi na mkono hata kidogo. Anaanza na mgongo. Humsimamisha mwanafunzi mbele ya kioo, akaweka kiganja chake juu ya kombe la bega la mwanafunzi huyo, kisha akamwomba auinue mkono polepole kutoka mapajani hadi usawa wa kifua. Kombe likipanda kabla ya mkono kufika, zoezi linarudiwa. "Dada, mkono hauanzii begani, rudi mgongoni," alimwambia jirani yangu, na hakumwachilia mpaka misuli ya chini ya kwapa ilipokubali kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na shingo. Kwa mtu anayeshinda ofisini mbele ya kompyuta, zoezi hilo pekee linatosha kuhalalisha ada.

Ufundi huohuo anauingiza katika nafasi ya pili, ile ya mikono iliyofunguliwa pembeni, ambayo wengi wetu huifanya kwa kuitupa mikono nyuma tukidhani tunapanua kifua. Mwalimu anataka mikono ikae mbele kidogo ya mabega na iteremke kidogo kidogo, bega likiwa juu ya kisugudi na kisugudi juu ya kifundo cha mkono, ili tone la maji likiwekwa begani litiririke hadi kidole cha kati bila kudondokea njiani. Kisugudi kikilegea, tone limeanguka, naye huona hata akiwa upande wa pili wa chumba. Alipofika kwenye piruweti, yaani kuzunguka juu ya mguu mmoja, alieleza kwa ufasaha kwamba mkono unaokusanywa kutoka pembeni kuja kifuani ndio unaoongeza kasi, kwa kuwa uzito unapoukaribia mhimili wa mwili mzunguko huharakishwa, na kwamba anayechelewa kuukusanya hujikuta akisukuma kwa bega na kuyumba. Niliona tofauti papo hapo.

Kipindi cha mikono ya Swan Lake, baleti ambamo mikono huiga mabawa ya bata maji, ambacho nadhani ndicho kilichowavuta wengi, nacho kilikwenda vizuri. Hapa kisugudi hutangulia kupanda, kifundo hufuata, na vidole humalizia vikiwa bado vinaelekea chini wakati mkono umekwisha kuanza safari ya kurudi. Mwalimu alitukumbusha kwamba mandhari ya ziwani katika toleo la mwaka 1895 lililooneshwa St Petersburg yalitungiwa densi na Lev Ivanov, si Marius Petipa ambaye ndiye anayetajwa sana, na akatukataza kupigapiga viganja ovyo.

Kasoro ya kwanza ni majina ya nafasi. Katika mfumo wa Agrippina Vaganova wa Urusi, mikono iliyoinuliwa juu ya kichwa huitwa nafasi ya tatu. Katika mfumo wa Enrico Cecchetti, Mwitalia aliyefundisha Urusi na baadaye London, mkao huo ni aina mojawapo ya nafasi ya tano. Mifumo yote miwili ni halali, lakini mwalimu anaihama bila kutangaza, hata nusu ya darasa ikawa imeinua mikono na nusu nyingine ikiwa bado inasubiri. Ingetosha kubandika karatasi moja ukutani yenye majina ya pande zote mbili.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu tangazo liliahidi viganja. Vidole vilipewa muda mchache mno. Tulielekezwa kukisogeza kidole gumba ndani kuelekea kidole cha kati, jambo linalomfaa anayeanza, lakini hatukuambiwa kwamba kuna shule nyingine za fikra, mathalani ile ya George Balanchine aliyefundisha New York, ambaye alitaka vidole vitengane na kila kimoja kionekane. Lugha ya ishara za mikono inayobeba hadithi katika Giselle, baleti iliyooneshwa Paris kwa mara ya kwanza mwaka 1841, ilipitiwa haraka mwishoni mwa kipindi: mikono ikizungushana juu ya kichwa ni kucheza densi, kidole cha pete kikioneshwa ni ndoa, vidole viwili vikiinuliwa juu ni kiapo, na ngumi zilizopishana mbele ya mwili ni kifo. Hakuna aliyepewa nafasi ya kumsimulia mwenzake hata sentensi moja kwa ishara hizo, ilhali hapo ndipo kiganja kinapojifunza kusema kitu badala ya kupendeza tu.

Chumba ni safi, sakafu ni ya mbao, ila wanafunzi walikuwa wengi kuliko nafasi iliyopo, na mikono iliyofunguliwa pembeni iligongana mara kwa mara. Malipo ni kwa M-Pesa, na hayarudishwi ukikosa kipindi.

Aliyekwisha kusoma miguu kwa mwaka mmoja au zaidi atanufaika sana, na ningemshauri ajiunge. Anayeanza kabisa asubiri kwanza, na anayetafuta ishara za jukwaani aulize kabla ya kulipa kama muda wake umeongezwa. Vaa fulana isiyo na mikono na yenye mgongo wazi, kwani mwalimu asipoyaona makombe ya mabega yako atakupita bila kukurekebisha.