Tulilipia mwongozaji, Baba akatuongoza bure: asubuhi yetu Makumbusho ya Reli, Nairobi

Nililipa mapema kwa M-Pesa, watu watatu: mimi, Baba, na mwanangu wa darasa la tano. Kampuni yenyewe siitaji jina. Wanauza matembezi ya Nairobi ya kale, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa sita, mnakutana stesheni ya reli kisha mnatembea hadi makumbusho. Niwaambie mapema kabisa: makumbusho nimeyapa nyota tano, kampuni nimeipa mbili.

Mwongozaji alifika saa nne kasorobo, anahema, simu mkononi, eti barabara ya Haile Selassie ilikuwa imefungana. Baba amestaafu reli. Katika kazi yake, kuchelewa dakika tatu kuliandikwa kwenye daftari na kuulizwa sababu. Alitazama saa yake mara nne, hakusema neno. Mwanangu alikuwa ameshamaliza mahamri yote niliyobeba.

Ila kusubiri pale stesheni si hasara kubwa. Watu wengi hudhani reli ya kisasa ilipoanza mwaka 2017, na kituo chake kikajengwa kule Syokimau, stesheni ya zamani ilibaki gofu. Nendeni asubuhi mkaone. Treni za mjini zinaingia zimejaa watu wa kazi, wanashuka kwa fujo, na baada ya dakika kumi jukwaa limerudi kimya, mtu mmoja tu anafagia. Reli ya zamani, yenye upana wa mita moja, ilifika hapa mwisho wa Mei 1899, maili 327 kutoka Mombasa, mahali Wamasai walipopaita Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Hapakuwa na mji. Waliweka kambi na karakana ya kupumzikia kabla ya kupanda milima kuelekea Kikuyu, na mji ndio uliokuja kujibandika pembeni ya stesheni. Kwa hiyo unapokaa kwenye benchi pale, umekaa kwenye kitovu.

Wakati tunasubiri, treni ya Syokimau iliondoka. Baba akamweleza mjukuu wake kwamba Syokimau alikuwa mwanamke wa Kikamba, mtabiri, aliyesema atakuja nyoka mrefu kutoka upande wa bahari, na kwamba Wanandi nao walikuwa na Kimnyole aliyetabiri habari za nyoka wa namna hiyo.

"Babu, na alijua tutapeleka nyoka mwingine hadi kwake?"

Baba alicheka mpaka akatoa leso.

Basi tukaenda makumbusho. Yalifunguliwa mwaka 1971, wakati reli ilikuwa bado ya Afrika Mashariki nzima. Ndani kuna taa za reli, vyombo vya mezani vya treni, picha za zamani, mashine za tikiti. Ni pazuri, lakini sitawachosha hapo, kwa sababu uhondo wote uko nje uani, juani, ambako vichwa vya treni vimepangwa kwenye reli zake kama ng'ombe zizini.

Mwongozaji alitusimamisha mbele ya Mount Gelai, namba 5918. Huyu ni Garratt, aina ya kichwa cha treni ya mvuke, wa daraja la 59. Walitengenezwa 34 tu, kwa Beyer, Peacock kule Manchester, katikati ya miaka ya 1950, na kila mmoja alipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Gelai uko Tanzania kaskazini, karibu na Ziwa Natron. Mwenzake aliye hapo uani, Mount Shengena, jina lake limetoka milima ya Upare. Wana uzito wa zaidi ya tani 250, na hapakuwahi kuwa na injini za mvuke za reli ya mita moja zenye nguvu kuwashinda. Ukisimama pembeni yake ndipo unaelewa ujanja wake: boila imening'inizwa katikati ya injini mbili, moja mbele, moja nyuma, na kila injini inageuka peke yake, ndiyo maana dude refu namna hiyo liliweza kupinda kona za huku kwetu. Rangi ni ile damu ya mzee ya reli ya zamani.

Kijana akaanza: "Hapa juu, fayamani alikuwa anarusha makaa usiku kucha, kutoka Mombasa hadi Nairobi, jasho linamtiririka..."

"Makaa gani, kijana wangu?" Baba aliuliza kwa upole kabisa. Nikajua tumefika.

Maana Baba alikuwa fayamani wa hizi. Aliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya 1970, kijana wa miaka ishirini, na akazipanda mpaka zilipoondolewa. Daraja la 59 lilichoma mafuta mazito, makaa hayakuwepo. Tulipanda kwenye chumba cha dereva, yeye akiwa wa mwisho kwa sababu ya magoti, na alipofika juu mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye gurudumu dogo la vali upande wa fayamani, bila kutazama. Akatuonyesha: unafungua mafuta, unafungua mvuke wa kuyapuliza yawe kama ukungu, halafu unatazama dohani. Moshi ukiwa mweusi, mafuta yamezidi na unamharibia mwenye reli pesa. Usipoona moshi kabisa, hewa imezidi na boila inapoa. "Unataka uwe kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi," alisema.

Halafu akaja kwenye jambo ambalo sijawahi kulisikia katika miaka yangu yote ya kuwa mtoto wake. Mafuta yanaacha masizi ndani ya mabomba ya boila, na masizi yanazuia moto usiyapashe maji. Kwa hiyo kila baada ya muda, dereva akiwa amefungulia kwa nguvu, fayamani anachota mchanga kwa beleshi dogo, anauweka kwenye tundu la mlango wa tanuri, na mvuto wa moto unaunyakua mkononi mwake. Mchanga unapita kwenye mabomba unayasugua, na juu ya dohani linatoka wingu jeusi kama mwisho wa dunia. "Mama yako alikuwa akiliona wingu likitokea upande wa Makongeni na nguo ziko kambani," akaniambia, "basi siku hiyo chakula nakikuta kimepoa."

Mwongozaji akawa kimya. Kisha akatoa simu na kuanza kurekodi. Nyota ya pili ni ya hapo, vinginevyo angepata moja.

Kosa lake jingine lilikuwa kwenye behewa namba 12. Alituambia ndimo simba wa Tsavo walimomtoa mzungu. Sivyo. Wale simba wawili wa Tsavo, waliokula wajenzi wa reli, waliuawa na mhandisi Patterson Desemba 1898, na wako kwenye makumbusho kule Chicago mpaka leo. Behewa hili ni la Kima, Juni 1900. Afisa wa polisi, Charles Ryall, alikuja na wenzake wawili kumwinda simba aliyekuwa akiwamaliza watu wa reli, wakalala humu likiwa limeegeshwa kwenye reli ya pembeni. Zamu ya kwanza ya kukesha ilikuwa yake, usingizi ukamchukua. Simba aliingia kwa mlango wa kuteleza, uzito wake ukaliinamisha behewa, mlango ukajifunga wenyewe nyuma yake. Alitoka kwa dirishani, na Ryall mdomoni. Mwanangu alipima dirisha kwa mikono miwili, kisha akapima tumbo la babu yake. Na ndiyo, stesheni inaitwa Kima. Mzaha huo umefanywa na kila aliyewahi kupita pale, mimi sina jipya la kuongeza.

Jambo ambalo sikulitarajia ni wasanii. Baadhi ya mabehewa chakavu yamepewa kazi nyingine, na yamechorwa kuanzia gurudumu hadi paa, rangi zinapiga kelele. Patrick Mukabi ni mmoja wa wachoraji waliowahi kuwa na studio katika uwanja huu na kufundisha vijana. Niliogopa kidogo Baba atasemaje, kwa sababu ni mtu wa kupanguza kila kitu kwa kitambaa. Alilizunguka behewa moja lenye uso mkubwa wa mwanamke ubavuni, polepole, akiinama kutazama chini. Nikamuuliza anaonaje.

"Mama huyu ni mzuri. Lakini huku kwenye ekseli wangetia grisi."

Kwa watakaokwenda: vaeni kofia, uani hakuna kivuli cha maana. Ngazi za vichwa vya treni ziko juu, mwenye magoti mabaya asaidiwe, na waulizeni wahudumu kabla ya kupanda. Viatu vilivyofungwa, si malapa. Msiwakimbize watoto. Na kama katika ukoo wenu kuna mzee aliyefanya kazi reli, awe dereva, gadi au mpishi wa behewa la chakula, mchukueni huyo, na pesa za kampuni mnunulie nyama choma. Baba alianza kazi ameajiriwa na nchi tatu, reli ikagawanyika mwaka 1977, akamalizia ameajiriwa na moja. Hayo hakuna kibao kilichoyaandika, aliyasema tu akiwa amekaa kwenye ngazi za kichwa namba 2921, Masai of Kenya, anakunywa maji.

Jioni kampuni ilituma ujumbe kuomba maoni, nikawapa nyota zao mbili na sababu. Baada ya nusu saa yule kijana akanipigia mwenyewe. Hakulalamika. Aliuliza kama Mzee anaweza kuja Jumamosi ijayo, ana kundi la watu wanane, na atalipwa.

Nikampa Baba simu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema atakuja.

"Lakini saa tatu," akaongeza. "Saa tatu yenyewe."